Koko Anapiga, Koko Anatukana: Maneno kwa Wamama Wanaolinda Wazee Hospitalini

(Mazungumzo ya siku ya kliniki, Vuhovi)

 

Leo hatutasema juu ya uzito wa watoto wala juu ya chanjo. Hayo tumekwisha kuyasema, na tutayasema tena. Leo tunataka kusema juu ya wazee wenu. Kwa nini tuyaseme kwenu ninyi mulio na mimba na watoto wachanga? Kwa sababu kila mara muzee akilazwa hospitalini, nani anatandika mukeka wake karibu na kitanda? Ni wewe, mama. Ni wewe unapika, unafua, unaosha, unakimbia kutafuta dawa, na mara nyingi mutoto yuko mugongoni. Munganga anapita asubuhi. Muuguzi anapita na sindano. Lakini mulinzi wa mugonjwa, yule tunayemwita gardimaladi, anakaa usiku na mchana. Basi kama muzee anaanza kupiga, kofi la kwanza ni lako.

MAMBO YANAVYOTOKEA

Tufanye mfano. Mama mukwe mumoja alikuwa anasahau kidogo tu nyumbani. Anauliza neno moja mara tano. Anatia chumvi mara mbili katika sombe. Watu wanacheka, wanasema: "Ni uzee." Siku moja analetwa hospitalini juu ya malaria, ao juu ya kuanguka na kuvunjika. Siku ya kwanza anakaa kimya. Usiku wa pili anaamka, anangoa seromu, damu inatoka, anasema anaenda kwake shambani. Mukamwana wake anamushika mukono. Koko anamuuma. Anapiga kelele: "We mwizi! Munataka kuniua! Muniitie mama!" Na mama yake alikufa miaka 40 iliyopita.

Asubuhi wagonjwa wengine wanalalamika. Jamaa wanakusanyika chini ya muti. Halafu mumoja anasema kwa sauti ya chini lile neno ambalo ninyi wote munalijua: uchawi. Mwingine anasema: "Tumufunge kamba." Wa tatu anasema: "Tumutoe hapa, tumurudishe nyumbani."

Wamama, hayo maneno matatu yanaweza kuua koko kuliko malaria yake. Kwa hiyo tusikilizane vizuri.

HUU NI UGONJWA GANI?

Kuna ugonjwa wa ubongo unaoshika hasa wazee. Waganga wanauita demansi. Ubongo unaharibika pole pole, kama nyumba ambayo mutu anazima taa chumba kimoja kimoja. Mambo ya jana yanapotea kwanza. Mambo ya ujana yanabaki muda mrefu. Ndiyo maana koko hakumbuki kama amekula leo asubuhi, lakini anakumbuka wimbo aliojifunza alipokuwa msichana.

Kusahau mahali umeweka ufunguo, hiyo inatupata sisi wote. Demansi ni zaidi. Mutu anapotea katika njia aliyoipita maisha yake yote. Anashindwa kupika chakula alichokipika tangu utoto. Hawatambui watoto wake.

Kuna wanaosema: "Huo ni ugonjwa wa Wazungu, sisi hatuna." Si kweli. Waganga walipima wazee wa miaka 65 na zaidi katika miji miwili ya Afrika ya Kati, mwaka 2008 na 2009. Kule Bangui, karibu wazee 8 katika 100 walikuwa nao. Kule Brazzaville, karibu 7 katika 100. Na Shirika la Afya la Dunia lilihesabu watu milioni 57 wenye ugonjwa huu duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika inchi zisizo tajiri kama yetu.

Hata Ulaya watu hawakuujua tangu zamani. Mwaka 1901, katika muji wa Frankfurt kule Ujerumani, mwanamke mumoja jina lake Auguste Deter aliletwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa na miaka 51. Bwana yake alikuwa mutumishi wa reli. Mwanamke huyo alikuwa amesahau mambo mengi, alitembea-tembea na mashuka ya kitanda, akalia kwa sauti kubwa muda mrefu, na wakati mwingine akachukia mutu akimugusa. Munganga wake aliitwa Alois Alzheimer. Huyo munganga alimuuliza maswali kwa uvumilivu na kuandika majibu yake yote. Katika hospitali ile hawakupenda kufunga wagonjwa. Waliwaweka katika maji ya vuguvugu kusudi watulie. Auguste alipokufa mwaka 1906, Alzheimer alitazama ubongo wake katika darubini, akaona umeharibika. Basi kile kilichomufanya kulia na kusukuma watu kilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Ubongo wake uligonjwa, kama vile ini linaweza kugonjwa ao pafu.

NENO LA UCHAWI

Tunalisema wazi kwa sababu linaua. Mwezi wa 9 mwaka 2021, kwa majirani zetu wa Kivu ya Kusini, ilitangazwa kwamba wanawake 8 waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Kuna waliochomwa moto. Mwaka ule ule, mwezi wa 10, kule Kisii katika inchi ya Kenya, wanawake wazee 4 waliuawa vile vile. Hatusemi kwamba wote walikuwa na ugonjwa huu wa kusahau. Lakini angalieni alama ambazo watu wanaziita za uchawi: anatembea usiku, anasema peke yake, anaingia katika nyumba isiyo yake, anachukia watoto wake mwenyewe, anasema na wafu. Hizo zote ni alama za demansi tunazoziona hospitalini.

Tena kuna jambo lingine. Muzee mwenye ugonjwa huu akiulizwa kwa ukali, "Ni wewe uliyekula mutoto wa fulani?", anaweza kujibu, "Ndiyo," kwa sababu hakuelewa swali, ao anataka tu mumuache. Hiyo si kuungama. Usimuulize maswali ya namna hiyo, na mutu mwingine asimuulize mbele yako.

KWA NINI ANAPIGA?

Sasa tunafika kwenye neno kubwa la leo. Mulishike. Mugonjwa mwenye demansi akipiga, anasema kitu ambacho kinywa chake hakiwezi tena kukisema.

Ninyi wamama munalijua jambo hili kuliko sisi wauguzi. Mutoto wa miezi mitatu akilia, unamufanya nini? Unatazama kama yuko na njaa, kama amelowa, kama tumbo linamuuma, kama anasikia baridi. Hausemi: "Mutoto huyu ni mubaya." Fanya vile vile kwa koko. Lakini angalia: koko si mutoto. Alikuzaa, alikulea, ana heshima yake. Usimusemeshe kama mutoto. Tafuta tu sababu yake kama unavyoitafuta ya mutoto.

Hizi ndizo sababu tunazozikuta mara nyingi:

1. Maumivu. Mufupa, jino, kidonda cha mugongo, mahali sindano imevimba. Unapomugeuza, anasikia maumivu makali, na mukono unaruka.

2. Mukojo ao choo. Kibofu kimejaa na mukojo hautoki, ao hajaenda choo siku nne. Muzee mwingine anasukuma watu wote kwa sababu anatafuta choo na hajui kiko wapi.

3. Kiu na njaa. Wazee hawasikii kiu vizuri. Kikombe kiko pale mezani, lakini hawezi kukifikia, na hakuna aliyemupatia.

4. Masikio na macho. Hasikii vizuri, haoni vizuri, na mutu anamushika kutoka nyuma. Hata wewe ungeruka. Kama anavaa miwani nyumbani, ilete.

5. Lugha. Hii katika inchi yetu ni kubwa sana. Muzee alijifunza Kinande kwa mama yake. Kiswahili kilikuja baadaye sokoni, Kifaransa kama alisoma. Ugonjwa huu mara nyingi unaondoa kwanza lugha zilizokuja nyuma. Muuguzi akisema Kiswahili ao Kifaransa, koko anasikia kelele tu za mutu mugeni anayekuja na sindano. Mama, wewe simama pale, umwambie kwa Kinande: "Huyu ni muuguzi, anataka kushika mukono wako kidogo." Neno hilo linaweza kutosha, na hakutakuwa kofi.

6. Woga wa mambo ya zamani. Wazee wetu wameona mengi. Kuna aliyekuwa mutoto wakati wa uasi wa 1964. Kuna waliokimbia vita za 1996 na 1998. Kuna waliotoka upande wa Beni kwa sababu ya mauaji yaliyoanza mwaka 2014, wakalala katika nyumba za watu. Katika ubongo wenye ugonjwa huu, zamani na leo vinachanganyika. Mulango ukipigwa kwa nguvu usiku, anasikia bunduki.

Munakumbuka pia Ebola. Ilitangazwa siku ya 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikaisha siku ya 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 3470 waligonjwa, na 2287 walikufa. Hapa kwetu Vuhovi ilifika pia. Watu waliona wauguzi waliofunikwa toka kichwa mupaka miguu, bila uso. Kwa mutu muzima yale yalitisha. Basi kwa muzee anayesahau, mutu mwenye kufunika uso anaweza kuwa muuaji. Kwa hiyo muuguzi akivaa maski, asimame mbali kidogo kwanza, aseme, mugonjwa amujue kwa sauti. Na wewe utaje jina lake.

KAMA AMEBADILIKA GHAFULA, ITA MUNGANGA

Hapa musikilize zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanakufa.

Demansi inakuja pole pole, kwa miezi na miaka. Lakini kama jana koko alikutambua na leo hakutambui. Kama asubuhi alisema vizuri na jioni anapigana na ukuta. Kama anashika vitu visivyo hewani. Kama saa moja analala sana na saa nyingine anapiga kelele: hiyo si demansi peke yake. Hiyo ni akili iliyovurugika ghafula juu ya ugonjwa mwingine ndani ya mwili. Inapata hasa wazee wanaosahau, na inawapata sana hospitalini. Inaweza kuua, lakini mara nyingi inaweza kutibiwa, kama sababu yake inaonekana mapema.

Sababu ni hizi: malaria, homa ya mapafu, maambukizo ya njia ya mukojo, kukauka maji, sukari kushuka ao kupanda, kufunga choo, kufunga mukojo, damu kupungua, kichwa kilichogongwa. Muzee aliyeanguka na kugonga kichwa anaweza kuanza kuvurugika hata wiki tatu nyuma yake, sababu damu inajikusanya pole pole karibu na ubongo. Mwambie munganga hata kama ulifikiri ni kuanguka kudogo. Kumbuka pia kwamba muzee anaweza kuwa na homa ya mapafu bila joto kali na bila kukohoa sana. Alama ya kwanza ni akili tu.

Dawa nazo zinavuruga akili. Vidonge vya kulala vinavyouzwa kwa farmasi bila karatasi, kama Valium. Dawa ya kuwashwa na mafua inayolaza usingizi. Tramadol. Vile vidonge ambavyo wengine wanakunywa kutafuta hamu ya kula na kunenepa. Kama koko anakunywa kitu chochote, hata dawa ya miti, kilete mukononi umuonyeshe munganga. Usione haya. Hatutakugombeza.

Na pombe. Huyu ni koko mwanaume aliyezoea kasiksi ao kanyanga kila siku. Analazwa, pombe inakatika. Siku ya pili ao ya tatu anatetemeka, anatoa jasho, anaona wadudu na watu wasiokuwa, anapigana. Jamaa wanaona aibu kusema kwamba anakunywa. Semeni, tafadhali. Hali hiyo ina dawa yake, na bila dawa anaweza kushikwa na kifafa na kufa.

Basi ukiona amebadilika ghafula, usingoje asubuhi. Enda uite muuguzi wa zamu. Mwambie maneno matatu: alikuwa namna gani nyumbani, amebadilika tangu saa ngapi, na leo amekunywa maji kiasi gani, amekojoa mara ngapi. Munganga hawezi kujua hayo. Ni wewe peke yako unayeyajua.

WAKATI AMEKASIRIKA, FANYA HIVI

Kwanza, rudi nyuma hatua moja ao mbili. Usisimame juu yake. Keti ao inama, uso wako uwe mbele ya uso wake, anakuona.

Pili, punguza watu. Jamaa kumi wakizunguka kitanda na wote wanasema, hata mwenye akili nzima angekasirika. Abaki mutu mumoja anayemupenda. Wengine watoke inje.

Tatu, sema kidogo na pole pole. Taja jina lake la heshima, lile analoitwa nyumbani. Sema neno moja, ngoja. Anachelewa kuelewa.

Ine, usibishane naye. Akisema, "Minaenda kwetu, mama ananingoja," usimwambie, "Mama yako alikufa zamani!" Kila mara ukimwambia hivyo, anasikia habari ya kifo kwa mara ya kwanza, anaumia upya. Sema: "Unamukumbuka mama. Alikuwa anapika nini?" Na tazama: pengine kwenda "kwetu" maana yake anataka kukojoa, ao anasikia baridi.

Tano, mupe kitu cha mikono. Kikwembe cha kukunja, maharagi ya kuchambua, rozari yake kama ni ya kwake. Mikono iliyolima maisha yote haipendi kukaa bure. Wimbo wa zamani wa Kinande unasaidia vilevile. Imba pole pole karibu naye.

Sita, kama amekushika, usivute kwa nguvu. Simama kimya, legeza mukono wako, ita musaada. Usimurudishie kofi. Hasira hasara: ukimupiga, atasahau sababu, lakini woga utabaki ndani yake, na kesho atakupiga akikuona tu.

Ondoa karibu naye kisu, chupa, bakuli ya maji ya moto, na jiko. Na mutoto wako, mama, usimulaze kitandani pamoja na muzee anayevurugika, wala usimuinamie ukiwa na mutoto mugongoni. Mupe mutu mwingine mutoto kwanza.

KUMUOSHA NA KUMULISHA

Makofi mengi yanatokea wakati wa kuosha. Fikiri: watu wawili usiowajua wanakuvua nguo mchana, maji ni ya baridi, hakuna anayekuambia neno. Ungekubali?

Weka maji ya vuguvugu. Funika mwili wote na kikwembe, fungua sehemu moja tu, osha, kausha, funika tena, ndipo uende sehemu nyingine. Anza na mikono, malizia na uso. Mupe kitambaa kimoja akishike aoshe mwenyewe anapoweza. Akikataa kabisa, acha. Rudi nyuma ya saa moja. Hakuna mutu aliyekufa kwa kukosa kuoga siku moja.

Na heshima ya ukwe tuikumbuke. Katika jamaa nyingi, mukamwana haoshi baba mukwe. Hata kama koko amesahau jina lake, haya yake bado iko. Akikupiga kwa sababu unamuvua nguo, pengine ni adabu yake inayosema. Itieni wanaume. Mutoto wake mwanaume aje amuoshe. Tunawaambia wababa pia: kulinda mugonjwa si kazi ya wanawake peke yao, na mugonjwa huyu ni baba yako wewe.

Chakula: mukalishe wima. Kidogo kidogo, uji ao bugali laini na mchuzi. Ngoja ameze. Usimushike pua wala kumufungua kinywa kwa nguvu. Chakula kitaingia katika mapafu. Maji mupe kikombe kidogo mara nyingi, tangu asubuhi, kusudi usiku asiamke-amke sana.

USIKU

Jua likishuka, wengi wanavurugika zaidi. Mchana mutoe kwenye mwanga, aketi mulangoni, atembee hatua chache ukimushika. Usimuache kulala mchana wote. Usiku acha taa ndogo ya betri ao ya jua, kusudi akiamka aone mahali alipo. Usiache mushumaa wala taa ya mafuta karibu na kitanda. Weka kitanda chini ao godoro chini kama anaanguka. Laza blanketi yake ya nyumbani, ile yenye harufu anayoijua.

KAMBA NA DAWA YA KULALISHA

Watu wanatuomba: "Mumufunge." Tunaelewa, mumechoka. Lakini kamba haitulizi. Mutu aliyefungwa anapigana na kamba usiku kucha, anatoka vidonda, damu inaganda katika miguu, anajikojolea, na wengine wamejinyonga katika vifungo. Na yule aliyefungwa zamani na waasi, kamba inamurudisha kule. Seromu akiingoa, tunaweza kuufunika mukono na bandeji ili asiione, ao kumuuliza munganga kama dawa inaweza kupewa kwa kinywa.

"Basi mumupige sindano alale." Hiyo sindano iko, lakini ni ya wakati wa hatari kubwa tu, kidogo sana, kwa muda mufupi, na munganga mwenyewe anaikubali. Kwa muzee wa demansi inaleta kuanguka, inaleta homa ya mapafu, na inaongeza kufa. Dawa ya kwanza ni kupata sababu: kutoa mukojo, kufungua choo, kutibu malaria, kupunguza maumivu. Mara nyingi baada ya hayo, yule aliyepigana jana anaketi anakunywa uji.

MULINZI NAYE NI MUTU

Mama, wewe unayelala chini juma zima, unayenyonyesha, uliyetukanwa mbele ya watu: tunakuona. Matusi yale si hukumu juu yako. Mara nyingi mugonjwa anamutukana yule aliye karibu naye zaidi, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki.

Jamaa wapange zamu. Usiku mbili kwako, usiku mbili kwa dada, usiku mbili kwa kaka. Lakini walinzi wasiwe wengi sana, kwa sababu sura mpya kila siku zinamuvuruga. Watu wawili ao watatu anaowajua wanatosha. Ukisikia unataka kumupiga, toka inje, vuta pumzi, mwambie muuguzi: "Nimeshindwa kwa saa hii." Kusema hivyo si zambi. Na kama alikuuma ngozi ikafunguka, osha na sabuni na maji mengi, utuonyeshe kidonda.

MASWALI YA WAMAMA

"Je, ugonjwa huu unaambukiza mutoto wangu?" Hapana. Demansi haiambukizi kwa mate, kwa chombo, wala kwa kulala chumba kimoja. Mutoto na koko waketi pamoja wakati koko ametulia, na wewe uko karibu.

"Anasema nimeiba pesa yake. Nijibu nini?" Usijitetee mbele yake. Sema: "Tutafute pamoja." Tafuta. Pengine alificha katika mutosho wa kitanda na akasahau.

"Tumupeleke katika chumba cha maombi?" Ombeni naye hapa kitandani, muimbe naye. Inamutuliza. Lakini musimunyime chakula wala maji kwa kufunga, musimukatishe dawa, na mutu asimupige kwa kusema anafukuza pepo.

"Atapona?" Kuvurugika kwa ghafula kunaweza kupona, ingawa kunaweza kuchukua siku nyingi. Demansi yenyewe haina dawa ya kuiondoa. Lakini kuna magonjwa yanayofanana nayo na yanayotibiwa, kama upungufu wa vitamini, kaswende, ao tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Kwa hiyo munganga amupime kwanza.

"Sisi wenyewe tufanye nini tusiupate?" Hakuna anayeweza kuahidi. Lakini tansio ya juu na sukari vinaharibu mishipa ya ubongo. Ukija kupima mimba na tukipima tansio yako, usiende bila kuuliza namba. Na umulete mama yako naye apimwe.

WAKATI WA KURUDI NYUMBANI

Waambie majirani mapema, kabla ya maneno ya kisimani: "Koko ana ugonjwa wa ubongo, munganga ameandika. Mukimuona njiani, mumurudishe kwa upole." Mwambie pia mukubwa wa avenue ao wa kijiji. Neno likitoka kwako kwanza, neno baya linakosa nafasi.

TUKUMBUKE

Koko akipiga, anasema. Tafuta neno lake.
Akibadilika ghafula, ita muuguzi saa ile ile.
Maumivu, mukojo, choo, kiu, homa: tazama hivyo vitano kwanza.
Sema naye kwa lugha ya mama yake.
Usimufunge. Usimupige. Usinunue dawa ya kumulalisha.
Hakuna mutu anayekuwa muchawi kwa sababu ubongo wake umegonjwa.

Basi wamama, kadi za watoto sasa. Wenye kuja kwa kipimo cha mimba wakae upande wa kushoto. Na aliye na muzee nyumbani wa namna hii, abaki kidogo tuongee naye peke yake.